Jamhuri Ile ya Bi Zuhura

Juzi tulimzika Bi Zuhura. Wakati wa kurudi nilikaa kiti cha mbele garini kwa mwanangu, buibui nililoazimwa nimelikunja mapajani, na redio ilikuwa imefunguliwa. Mtangazaji, kijana kwa sauti yake, alikuwa anasoma mambo yaliyotokea siku kama hiyo katika historia ya muziki: mwimbaji fulani alizaliwa Marekani, bendi fulani ilivunjika Uingereza, wimbo fulani ukashika nambari ya kwanza huko huko. Aliyasoma kwa furaha ya kweli na mimi sina ugomvi naye. Ila nilimwomba mwanangu apunguze sauti kidogo, nikamwambia kwamba hata mimi nina siku yangu ya muziki. Karibu kila jambo kubwa la muziki ninalolijua lilitokea Sikukuu ya Jamhuri, katika ukumbi mmoja wa Pumwani, mwaka huu hili na mwaka ule lile. Akaniuliza mambo gani hayo. Tulikuwa tumekwama Barabara ya Jogoo, magari hayasongi, nikaanza kumsimulia. Tulipofika nyumbani alizima injini, na hakuna aliyeshuka.

Ulikuwa mwaka ule baada ya kumaliza kidato cha nne, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa kwa anti yangu Donholm, na asubuhi nilikuwa nasomea kupiga chapa katika chuo kidogo juu ya duka la vitambaa, upande wa Gikomba. Mwalimu wetu aligonga meza kwa rula ili vidole vyetu viende pamoja, na mashine zote zikaitikia, kengele zikilia mwisho wa kila mstari. Wasichana wenzangu walisikia kazi. Mimi nilisikia ngoma, na kimoyomoyo nilikuwa nikipachika maneno juu yake, yale maneno ya Sheng, lugha yetu ya vijana, tuliyotupiana jioni na marafiki wa mitaa ya Donholm na Fedha, tumekaa juu ya ukuta wa mawe na redio ya kaseti katikati yetu. Kurapu kulikuwa mambo ya wavulana. Msichana aliruhusiwa kuitikia na kupiga makofi, basi. Nilikuwa na mashairi kichwani ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasikia, na niliamini kabisa kwamba yalikuwa makali kuliko yao. Mpaka leo naamini hivyo.

Siku moja tulipoachiliwa mchana, badala ya kushika njia ya Donholm, nilikatiza Majengo kutafuta mahamri. Nikasikia gitaa. Si la redio, kwa sababu lilikosea, likarudia, likakosea tena pale pale. Nilifuata ile sauti hadi kwenye nyumba ya udongo ya zamani, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha mwisho. Ndani kulikuwa na kitanda kirefu cha nguzo nne, jiko la makaa, karai la mafuta lililokuwa linapoa, na wanaume wawili wameketi kwenye stuli na magitaa. Kwenye shingo ya chupa ya soda, juu ya kabati, lilikuwa limevikwa wigi jeusi limechanwa vizuri. Mwenye wigi alikuwa ameketi kitandani na kanga kichwani, anakula mbaazi.

"Ingia ama pita," akaniambia. "Hapo mlangoni unatuzibia hewa."

Niliingia. Huyo ndiye alikuwa Bi Zuhura. Asubuhi aliuza mahamri na mbaazi, adhuhuri aliosha mikono, na mchana chumba chake kilikuwa bendi. Aliyeshika gitaa la solo alikuwa Mzee Makokha, mtu wa magharibi, mrefu, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka zamu na nguo zake zilinukia sabuni kuliko sabuni yenyewe. Wa besi alikuwa Musyoka, mchonga vinyago, Mkamba mwenzangu. Aliponisikia ninavyotamka jina langu, Mwende, alinisalimu kwa lugha ya nyumbani, na Bi Zuhura akamkataza palepale, akisema hapo kwake watu hawatetwi kwa lugha wasiyoijua. Nilipewa sahani ya mbaazi za nazi na mahamri mawili, nikaambiwa nikae chini na nisiguse waya. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Anti aliamini kwamba chuo kimeongeza masomo ya mchana, na kwa namna fulani ni kweli.

Nilichopenda zaidi, kabla hata ya muziki, ni mazungumzo yao wakati wa kupumzika, chai ya tangawizi ikizunguka. Wote watatu walihesabu maisha yao kwa Jamhuri. Hawakusema mwaka. Walisema Jamhuri ile ya umeme, Jamhuri ile ya mvua, kwa maana kila sikukuu hiyo bendi yao ndiyo ilipiga bugi, lile dansi la mchana, katika ukumbi wa mtaa, tangu bendera ilipopanda. Jamhuri ya umeme, stima ilikatika katikati ya wimbo na watu hawakuacha kucheza. Walipiga makofi na kusaga viatu sakafuni kwa mdundo ule ule, na stima iliporudi, magitaa yaliingia pale pale ambapo wimbo ungekuwa umefika. Makokha aliapa kwamba hawakupishana na watu hata kidogo. Musyoka alisema walipishana, tena sana, ila furaha ilikuwa nyingi.

Kulikuwa na Jamhuri ambayo Makokha alileta gitaa la umeme la kwanza mtaani, alilotengeneza mwenyewe kwa mbao alizochongewa na Musyoka, na wazee wakaja kugusa nyuzi kuona kama zinapiga shoti. Na kulikuwa na ile ya santuri. Mwaka huo walikuwa wamerekodi wimbo wao mjini, na siku ya Jamhuri, wakiwa jukwaani wanaupiga wimbo huo huo, mtu akapiga kelele mlangoni kwamba unachezwa redioni. Ukumbi mzima ulikimbilia kibanda cha chai kuusikiliza. Bendi ikabaki na viti. Bi Zuhura alikuwa bado ana kinyongo nao. Alisema watu walimwacha yeye mzima, kajipamba, wakaenda kumsikiliza ndani ya sanduku.

Lakini Jamhuri waliyoirudia kuliko zote ilikuwa ile ambayo Bi Zuhura alipanda jukwaani mara ya kwanza. Alikuwa msichana wa kuuza mahamri mlangoni. Mwimbaji wa bendi, mwanamume, alikuwa ameshinda asubuhi uwanjani akishangilia gwaride hadi sauti ikamwisha, na alipofungua mdomo kuimba kukatoka hewa tupu. Watu wakaanza kuzomea. Zuhura aliweka beseni lake chini, akapita katikati ya wacheza dansi, akapanda. Siku hizo, Makokha alisema, mwanamke wa mtaani kuimba na bendi ilikuwa kama kujitangaza vibaya. Hakuimba wimbo wa mtu mwingine. Aliimba maneno yake, kuhusu mwanamke anayemwuliza mpenzi wake mbona haji, na kiitikio chake kilikuwa hiki: bendera imepanda, nawe hujapanda gari. Alipomaliza, watu walitaka tena, na tena. Hakushuka kwenye jukwaa hilo tangu siku hiyo. Kila Jamhuri aliufunga mchana kwa wimbo huo.

Nilikuwa na miaka ya kuona kwamba dunia ilianza juzi, na maneno hayo yalinipiga kama habari mpya. Kumbe haya yote yalitokea hapa, karibu na tunaponunua nyanya. Nilikuwa nikitembea kurudi Donholm na jua mgongoni nikiuimba wimbo ule, na katika wimbo ule kulikuwa na mahali ambapo Bi Zuhura alinyamaza na gitaa la Makokha likazunguka peke yake. Hapo ndipo maneno yangu yalipoanza kuingia. Yaliingia bila kuitwa, kwa ule mdundo wa rula na mashine. Kufikia Oktoba yalikuwa yamekaa sawasawa, na hata nikiwa nimeketi chini pale chumbani na sahani yangu, midomo yangu ilikuwa inacheza.

Makokha ndiye aliyeniona. Alisimamisha gitaa akauliza ninaomba dua gani. Nikasema si kitu. Akasema kama si kitu basi nikiseme kwa sauti, akaanza tena kuzungusha ile sehemu yake, polepole, akinitazama. Nilifumba macho nikasema:

"Mathee, wacha kumngoja, buda alichomoka,
gari ilijaa kitambo, dere akatoka.
Vaa viatu twende, mtaa umewaka,
bendera ni yako pia, panda vile unataka."

Musyoka alicheka kwa furaha, ile ya mtu aliyeona kitu kinakaa mahali pake. Makokha alirudia mzunguko, nami nikarudia maneno, safari hii macho wazi. Bi Zuhura aliuliza buda ni nani. Nikamwambia ni mzee, ni baba, ni mwanamume mkubwa. Akauliza kuchomoka ni nini. Nikasema ni kutoroka, kuondoka bila kuaga. Akauliza dere. Nikasema dereva. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Wewe unaniambia mimi niache kungoja," akasema. "Nani kakwambia nangoja?"

Nilijaribu kueleza kwamba ni wimbo tu, kwamba mathee, yaani mama, ni mwanamke wa kwenye wimbo. Hakuwa ananisikia. Aliniambia nichukue viatu vyangu, na kwa kuwa nimevitaja, nivivae na niende. Hakupaza sauti. Nilivichukua, nikavivalia nje.

Musyoka alinifuata hadi nje, tukatembea pamoja mpaka barabarani, na hapo ndipo aliponiambia. Yule mpenzi wa kwenye wimbo alikuwa mtu kweli. Alikuwa dereva wa lori la mizigo, njia ya Kampala, na aliahidi kurudi Jamhuri afunge ndoa. Yule msichana aliyeweka beseni chini na kupanda jukwaani hakuwa anatunga. Alikuwa ameshinda mlangoni mwa ukumbi tangu asubuhi akitazama barabara. Na watu wa mtaa, kwa miaka yote hiyo, waliuchezea wimbo huo wakijua, lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia usoni lile nililomwambia mimi kwa furaha zangu za miaka kumi na tisa.

Novemba ilikuwa mvua na kupiga chapa. Nilirudi kula chakula cha mchana kwa anti, githeri ya jana iliyokaangwa upya, na kusikiliza mazungumzo yake na majirani kuhusu bei ya unga. Jioni ukutani wavulana walikuwa na kaseti mpya na mashairi mapya, na mimi niliitikia na kupiga makofi. Nilijaribu kutunga kitu kingine. Hakikuja. Kila mdundo ulinirudisha kwenye gitaa la Makokha. Nilikuwa nimeamua kwamba mambo ya Majengo yamekwisha, mpaka siku moja, tukikaribia kufunga chuo, nikamkuta Musyoka amesimama chini ya ngazi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alininunulia muhindi wa kuchoma. Akaniambia nije Jamhuri.

"Amekutuma yeye?" nikauliza.

"Hajanituma," akasema. "Ila ile sehemu ya gitaa amemwambia Makokha airefushe. Makokha amemwuliza kwa nini, akageukia karai lake."

Siku ya Jamhuri nilivaa gauni la njano la anti. Asubuhi hotuba zilisikika kutoka kila dirisha, na harufu ya pilau ilitoka Pumwani ikatupokea kabla hatujafika, mimi na rafiki zangu wawili wa Fedha ambao nilikuwa nimewaburuta. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee walikuwa na makoti na kofia, wanawake wamesuka, watoto wanateleza sakafuni. Nje, kando ya ukuta, vijana wa mitaa yote walikuwa wamekaa wakingoja. Kila mwaka ilikuwa hivyo: wazee wakimaliza bugi lao, viti vinasogezwa, na vijana wanaingia na santuri zao. Hao wa nje na wa ndani walikuwa wanapishana mlangoni tu, kama zamu mbili za kiwanda.

Bi Zuhura alitokea na wigi lake na gauni la kung'aa, na mimi nilijibanza nyuma ya nguzo. Aliimba kama mtu aliyelala mwaka mzima akiweka nguvu. Nilikuwa nimemsikia chumbani, ameketi, mdomo una mbaazi. Sikuwa nimemsikia hivyo. Watu walicheza hadi vioo vya madirisha vikatoka jasho. Halafu Makokha akapiga zile noti za kwanza za wimbo wa kufunga, na ukumbi ukatoa sauti moja, kama mtu mmoja ameshusha pumzi. Aliimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Kiitikio kiliimbwa na kila mtu, hadi watoto. Kisha akanyamaza, na gitaa likaanza kuzunguka.

Likazunguka, likazunguka tena. Watu waliozoea wimbo walianza kutazamana, maana hapo ndipo yeye hurudi. Hakurudi. Alikuwa ameweka mkono juu ya macho anatazama ukumbini kama anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni, na Makokha anazungusha, na Musyoka nyuma yake anatikisa kichwa kwa raha. Kisha akaikaribia maikrofoni.

"Yuko wapi yule msichana wa Donholm," akasema, "aliyeniambia niache kungoja?"

Kulikuwa na kicheko, halafu kikakatika, kwa sababu watu walielewa. Niliona wanawake wa umri wake wakiacha kucheza. Mmoja alishika mdomo. Rafiki yangu alinisukuma kutoka nyuma ya nguzo, na gauni lile la njano halikuwa la kujifichia. Bi Zuhura aliniona.

"Njoo uniambie tena," akasema. "Mbele ya watu."

Sikujua kama naitwa kuaibishwa ama kuinuliwa. Uso wake haukusema. Nilipita katikati ya watu, nao wakanifungulia njia, na nakumbuka sakafu ilikuwa inateleza na nikawaza tu nisianguke. Alinipa maikrofoni mkononi. Ilikuwa na joto na imelowa. Makokha aliinamisha kichwa kunihesabia, na mimi nikamgeukia Bi Zuhura, si watu, nikamwambia. Mathee, wacha kumngoja. Sauti yangu ilitoka kwenye spika kubwa kuliko nilivyowahi kuwa. Buda alichomoka. Nilimwona akilipokea hilo neno, alilolijua sasa maana yake, na kidevu chake hakikushuka. Nilipofika kwenye viatu, alianza kucheza. Nilipofika kwenye bendera, kulikuwa na mshindo mlangoni, nikadhani ni fujo. Walikuwa vijana wa nje. Walisikia Sheng ikitoka katika bugi la wazee, na waliingia wote kwa pamoja, wakipanda viti, wakiniitikia mistari ambayo hawakuwa wamewahi kuisikia.

Nilirudia. Wakati huu wazee ndio waliowauliza vijana maana ya maneno, nikiwaona, kofia zimeinamia masikio ya wajukuu, na vijana wakieleza kwa mikono. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na jukwaa alisema "dere akatoka" kwa sauti, kujaribu tu, akacheka hadi akajishika ubavu. Sijawahi tena kusikia kelele kama ile. Niliimba na bendi hiyo miaka mingi baadaye, tukatoa kaseti, tukaalikwa mbali. Popote tulipokwenda, nilikuwa nikisikilizia kama kelele ya namna hiyo itakuja.

Muziki ulipokatika, Bi Zuhura hakuchukua maikrofoni. Alisema kwamba yeye hakusikia vizuri, kwa kuwa spika zinawatazama watu na hazimtazami yeye. Akashika mkono wa Makokha, akateremka ngazi za jukwaa, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama kumwachia kiti. Aliketi, akapanga gauni lake vizuri magotini. Watu walikuwa wameshikwa na butwaa. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona siku hiyo akiwa upande wa chini.

"Haya," akatuambia. "Tangu mwanzo."

Makokha alinitazama. Tangu mwanzo maana yake ni kwamba beti zake nazo, zile za kungoja, niziimbe mimi. Akapiga noti za kwanza. Niliimba, na muda wote nilikuwa namtazama pale alipoketi, midomo imefungwa, kichwa kimeinama upande mmoja, anausikiliza wimbo wake kama mtu anayesomewa barua. Kiitikio kilipofika, akaitikia pamoja na watu wengine.